Springi za Gari la Chama: Tununue Nini, na kwa Sababu Gani?

(Haya ni mazungumzo ya fundi wa magari, ambaye pia ni mwanachama wa ushirika, mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama wanachama wa Kinondoni. Yanachapishwa kwa manufaa ya vyama vyote vyenye gari au vyenye nia ya kununua gari.)



 Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida haliingii katika ajenda za mikutano yetu mpaka siku ile gari la chama linapolala njiani na mzigo juu yake. Jambo lenyewe ni springi, shokapu na viungo vingine vinavyolibeba gari, yaani ile sehemu ambayo sisi wa gereji tumezoea kuiita miguu ya gari. Nitazungumza juu ya namna ya kuchagua spea zake, na juu ya yale mabadiliko ambayo wengi wetu tunayafanya tukidhani tunaliboresha gari, kumbe tunalidhoofisha.

Sikuja hapa kama mwalimu asiyekosea. Nimekuja kama fundi aliyewahi kukosea, na kosa langu lilimwumiza mtu. Kwa idhini yenu nitaanza na habari hiyo.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu pikapu moja ya chama cha wavuvi. Kazi yake ilikuwa kuchukua samaki Kunduchi alfajiri na kuwapeleka soko la Feri, Magogoni. Katibu wa chama hicho, mtu mwaminifu na mwenye kupenda maendeleo ya wenzake, alinieleza kwamba samaki wameongezeka, gari linainama nyuma, na chama hakina fedha za kununua gari la pili. Akaniomba niongeze vipande vya springi upande wa nyuma ili gari liweze kubeba zaidi.

Nilifanya kama nilivyoombwa. Niliongeza vipande viwili kila upande. Gari likanyanyuka nyuma, likasimama kama jipya, na katibu akafurahi. Aliniuliza bei, nikamtajia, akalipa na kuchukua stakabadhi yake. Alipouliza kama sasa litabeba masanduku thelathini badala ya kumi na tisa, nilijibu, “Litabeba, ndugu yangu, bila wasiwasi.”

Kwa muda wa miezi michache lilibeba. Kisha, asubuhi moja ya masika, dereva alipokaribia makutano ya Mwenge, lori lililokuwa mbele yake lilisimama ghafla. Alikanyaga breki. Magurudumu ya mbele yaligoma, ya nyuma yakaendelea kuzunguka karibu kama kwamba hayana breki kabisa, na gari likateleza mpaka likagonga lori lile. Dereva alitoka salama. Utingo, kijana aliyekuwa amekaa juu ya masanduku, alivunjika mguu. Tulipolikagua gari baadaye tuliona pia kwamba chesisi ilikwisha kuwa na ufa karibu na mahali springi zinaposhikiliwa.

Kijana yule alikuja gereji baada ya wiki kadhaa akitembea kwa magongo. Hakunitukana. Alisema tu, “Fundi, wewe ndiye uliyetuambia litabeba.” Ni kweli, nilisema. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti kwamba kila anayeniletea gari na kuniomba niongeze springi, nimweleze kwanza haya ninayokuja kuwaeleza ninyi leo.

Kila kiungo na kazi yake

Hapana budi tuanze kwa kutenganisha kazi za viungo hivi, maana fedha nyingi za vyama hupotea kwa kununua kiungo kimoja ili kitibu ugonjwa wa kingine.

Springi hubeba uzito. Nyuma ya pikapu, malori madogo na Hiace nyingi mnazoziona mjini, springi ni vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Vipande hivi hubeba uzito na pia huishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Katika magari madogo, na katika Noah, springi ni chuma kilichozungushwa, yaani koili. Koili hubeba uzito tu, na kwa hiyo huhitaji mikono ya chuma ya kulishika gurudumu mahali pake. Mbele ya Hiace hizo hizo kuna fito ndefu za chuma zinazojipinda kila gurudumu linapopanda, ambazo mafundi huziita tosheni baa.

Shokapu, ambayo wazee wetu waliiita shokomzoba, haibebi uzito. Narudia: haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi. Gurudumu linapoingia shimoni springi hujikunja na kisha kujikunjua, na kama ingeachwa peke yake ingeendelea kuruka ruka. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na kwa kupita huko mwendo wa springi hugeuka kuwa joto na kutulia. Hivyo basi, chama kinachonunua shokapu mpya kwa sababu gari limeinama nyuma kimenunua kitu kisichohusika. Gari litaendelea kuinama vile vile.

Bushi ni mipira iliyo katikati ya vyuma. Huviwezesha vyuma kucheza bila kugongana, na huyaweka magurudumu katika mwelekeo wake. Pamoja nazo ziko boljointi na tairodi, ambazo ni viungo vya usukani na vya mikono ya mbele. Hivi ni vitu vidogo na bei yake si kubwa, lakini boljointi ikichomoka gurudumu hulala, na dereva hana tena la kufanya.

Kwa ufupi, springi hubeba, shokapu hutuliza, na bushi hushika. Katibu anayeyakumbuka maneno haya matatu hatadanganywa kwa urahisi dukani wala gereji.

Uwezo wa gari hauongezwi kwa springi

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Uwezo wa gari kubeba mzigo hautokani na springi peke yake. Hutokana na chesisi, ekseli, beringi, matairi, breki na springi kwa pamoja, na kiasi chake ni kile kinachoweza kubebwa na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiimarisha springi peke yake, mzigo wa ziada haupotei. Unahamia kwenye chesisi, kwenye beringi na kwenye matairi. Kwa bahati mbaya unahamia bila ishara, kwa sababu ile ishara uliyokuwa nayo, yaani gari kuinama, umekwisha kuiondoa.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba kadi ya gari inaonyesha uzito wa gari tupu ni kilo 1,600, na uzito wa juu unaoruhusiwa pamoja na mzigo ni kilo 2,600. Tofauti ni kilo 1,000. Watu watatu, kila mmoja kilo 70, ni kilo 210. Zinabaki kilo 790 za mzigo. Sanduku moja la samaki na barafu likiwa na kilo 40, gari hilo linabeba masanduku 19. Masanduku 30 ni kilo 1,200, na pamoja na watu ni kilo 1,410. Gari limezidishiwa kilo 410, na halijui habari ya springi zetu mpya.

Liko na jambo la breki, ambalo watu wengi hawalijui, na mimi mwenyewe sikulitilia maanani siku ile. Pikapu nyingi, zikiwamo Toyota Hilux za aina mbalimbali, zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo. Gari likishuka nyuma kwa sababu ya mzigo, vali hufunguka na kuyapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi ya breki. Gari likiwa tupu na limenyanyuka, vali huipunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasigome na kuligeuza gari. Fundi anapolinyanyua gari kwa springi za ziada bila kuirekebisha vali hiyo, vali huamini kwamba gari ni tupu ingawa limesheheni. Hayo ndiyo yaliyotokea karibu na Mwenge. Mzigo ulikuwa nyuma, na breki zote zilikuwa mbele.

Mazoea ya kuongeza springi ni ya siku nyingi katika mji wetu. Wenye umri wanayakumbuka magari ya chai maharage, pikapu zilizowekewa viti vya kutazamana ili kubeba abiria. Wanakumbuka pia mwaka 1983, Serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria kwa leseni, na jina la daladala likaanza kusikika. Magari yalikuwa machache na watu walikuwa wengi, na kila mtu alitafuta njia ya kubeba zaidi. Siwalaumu wa wakati ule. Lakini jambo lililofanywa kwa dhiki halifai kuwa kanuni ya siku zote.

Kuliinua gari

Aidha, yako mabadiliko mengine yanayopendwa sana siku hizi, nayo ni kuliinua gari ili lisigonge matuta na mashimo. Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na yalitengenezwa kwa ajili ya barabara laini za huko. Kwa hiyo ni kweli kwamba mengi yako chini kwa barabara zetu za mitaani.

Fundi huweka spesa juu ya koili, au hubana mpira katikati ya mizunguko yake. Kwa Hiace, hukaza bolti za tosheni baa mpaka mbele kunyanyuke. Yafaa mjue kwamba hakuna hata njia moja kati ya hizo inayoongeza nguvu ya kubeba. Kukaza tosheni baa hubadilisha kimo tu. Gari likiinuliwa kupita kiasi, shokapu hubaki karibu na mwisho wa urefu wake, na kila gurudumu linaposhuka shimoni hujivuta na kugonga. Shafti za magurudumu ya mbele hufanya kazi kwa pembe isiyo yake, na mipira inayozifunika hupasuka. Boljointi huchoka mapema, matairi huliwa upande mmoja, na gari huyumba zaidi kwenye kona kwa kuwa uzito wake umepanda juu.

Sisemi kwamba gari lisiinuliwe kabisa. Nasema liinuliwe kidogo, kwa spea zilizotengenezwa kwa gari la aina hiyo, na baada ya hapo lipimwe alaimenti siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo chama kijiulize: je, gari limekuwa chini tangu lilipotengenezwa, au limeshuka kwa sababu springi zake zimechoka? Mara nyingi nimeletewa gari liwekwe spesa, na baada ya kulipima nikaona linalohitaji ni springi mpya za kimo chake cha kawaida.

Hapa nakumbuka mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalipita katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Magari hayo hayakusifiwa kwa springi ngumu. Yalisifiwa kwa kuwa magurudumu yake yalikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, hata gurudumu likafuata shimo na kutoka bila kuliacha gari liruke. Gurudumu lililoko hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Springi ngumu mno katika gari tupu hulirusha gurudumu hewani, na ndiyo maana pikapu zilizoongezewa vipande hurusha rusha mkia zikirudi bila mzigo.

Kabla ya kununua

Sasa, Ndugu Makatibu, mfanye nini gari linapoanza kulalamika?

La kwanza, mjue kilichochakaa. Msikubali jibu la “badilisha miguu yote” kabla gari halijapandishwa jeki na kila kiungo kutikiswa mbele yenu. Yapo mambo ambayo hata asiye fundi anaweza kuyaona. Likandamize gari kwenye kona moja, kisha uliachie: likiruka zaidi ya mara mbili, shokapu ya kona hiyo imechoka. Tazama kama shokapu imelowa mafuta. Papasa tairi: kama limelika kwa mabonde mabonde, shokapu inashukiwa, na kama limelika upande mmoja, alaimenti au bushi inashukiwa. Tazama springi za vipande: kipande kilichokatika, au bolti ya katikati iliyovunjika, huonekana kwa macho. Lisimamishe gari tupu mahali tambarare upime kimo cha kila upande kwa futi kamba. Mlio wa “kong, kong” kwenye matuta mara nyingi hutoka kwenye bushi au boljointi, wala si lazima utoke kwenye shokapu.

La pili, mjue gari linabeba nini na linapita wapi. Gari la chama cha akiba na mikopo linalopita barabara za lami tu halina haja ya springi za gari la nafaka la Tandale. Baadhi ya mitaa ya Sinza, Mwananyamala na Tandale kwenyewe imewekewa lami katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo chagueni spea kwa ajili ya njia ya leo. Msifuate mazoea ya dereva aliyeendesha humo zamani.

La tatu, mwende dukani na namba. Magari yanayofanana kwa sura hayafanani chini. Toyota IST ya NCP60 huendeshwa kwa magurudumu mawili na ile ya NCP65 kwa magurudumu manne, na spea zake za nyuma si moja. Andika namba ya chesisi yote na namba iliyochorwa kwenye spea ya zamani, au ichukue spea yenyewe uende nayo Kariakoo. Neno la muuzaji kwamba “inaingia tu” lisiwatoshe. Kiungo chaweza kuingia, na urefu wake usiwe sawa.

Asili, bandia na mtumba

Watu huniuliza kama yafaa kununua spea za mtumba. Jibu langu hutegemea kiungo. Springi ya mtumba yaweza kufaa, kama haina kutu ya kutoboka, haina ufa, na kimo chake kikipimwa ni sawa na cha mwenzake. Shokapu, bushi na boljointi za mtumba siwashauri kamwe. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na ndani ya shokapu hakuna anayeona.

Kuhusu spea bandia, jina lililochapwa kwenye boksi halitoshi. Linganisheni maandishi ya boksi na ya spea yenyewe, tazameni ubora wa rangi na maungio yaliyochomelewa, na ulizeni kama muuzaji ataandika jina kamili na namba ya spea katika stakabadhi. Anayekataa kuandika amekwisha kuwajibu. Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kupambana na bidhaa bandia, na chama chenye stakabadhi kina la kuonyesha huko. Chama kisichonayo hakina neno.

Juu ya bei, tusiangalie shilingi za siku ya kununua tu. Tuchukulie shokapu moja inauzwa shilingi 60,000 na inadumu miezi sita, na nyingine inauzwa shilingi 150,000 na inadumu miaka miwili. Ya kwanza inakigharimu chama shilingi 10,000 kwa mwezi, na ya pili shilingi 6,250. Na hapo hatujahesabu malipo ya fundi mara nne, wala siku nne za gari kulala.

Maboresho yanayofaa

Yapo maboresho ninayoyakubali. Shokapu zenye gesi hufaa kwa gari linalopita mashimo mengi, kwani gesi huyazuia mafuta yasifanye povu yanapopata joto, na shokapu haichoki njiani. Mpira wa kuizuia ekseli isigonge chesisi ni kitu cha bei ndogo ambacho katika magari mengi kimekwisha kuanguka na hakuna aliyekirudisha. Bushi ngumu za plastiki ya polyurethane hudumu kuliko za mpira, ila hupitisha mtikisiko zaidi na nyingine hulia zisipopakwa grisi inayofaa. Kwa gari ambalo kila siku hubeba karibu na kikomo chake, springi imara zaidi zilizotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya gari hilo ni halali kabisa, madhali vali ya breki inarekebishwa na mzigo haupiti ule wa kwenye kadi.

Na kama mzigo umeupita ule wa kwenye kadi, dawa yake ni safari mbili, au gari kubwa zaidi. Hakuna dawa ya tatu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari la barabarani liwe katika hali nzuri. Kwa vyama vyenye malori, kumbukeni pia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019. Mizani haiulizi idadi ya springi.

Kufunga na kutunza

Spea njema hufa mikononi mwa fundi mwenye haraka. Springi na shokapu zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande mmoja. Bolti za bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujisokota gari linaposhushwa na hukatika mapema. Bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Kwa ndugu zetu wavuvi nina neno la pekee. Maji ya chumvi yanayotoka kwenye masanduku hutiririka mpaka katikati ya vipande vya springi na kukaa humo. Kutu huchimba vishimo vidogo, na ufa huanzia hapo. Gari linalobeba samaki lioshwe chini kwa maji baridi kila siku baada ya kazi. Ndoo chache za maji hazilingani na bei ya springi.

Daftari la gari

Mwisho, nazungumza na makatibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gari la chama liwe na daftari lake. Iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, kiungo kilichobadilishwa na upande wake, namba ya spea, duka, fundi, bei na sababu ya kubadilisha. Spea ya zamani irudishwe kwa katibu, ili bodi ione kwamba kweli ilitolewa na kwamba kweli ilikuwa mbovu. Mabadiliko yoyote ya kimo cha gari au ya idadi ya vipande vya springi yasifanywe kwa makubaliano ya dereva na fundi. Yaletwe mbele ya bodi, na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Vyama vyetu vinaweza pia kusaidiana. Kama vyama vitano vina pikapu za aina moja, kwa nini kila kimoja kiende Kariakoo peke yake kununua bushi mbili? Vikikusanya mahitaji yao na kununua kwa pamoja, vitapata bei ya jumla, na muuzaji atajua kwamba akiuza bandia anapoteza wateja watano kwa siku moja. Huo ndio ushirika tunaouimba.

Ndugu zangu, yule kijana alipona, ingawa mguu wake haukurudi kama zamani. Siku hizi anafanya hesabu za mauzo ya chama chake pale pale ufukweni. Pikapu ile ilichomelewa chesisi, vipande nilivyoviongeza vikatolewa, na vali ya breki ikarekebishwa. Inabeba masanduku 19, na asubuhi zenye samaki wengi inakwenda Feri mara mbili. Wanachama walilalamika juu ya mafuta ya safari ya pili. Katibu wao aliwafungulia daftari la gari, akawasomea gharama za ajali ile mstari kwa mstari, nao wakakubali.

Nami nimebaki na ombi moja. Siku mtakapomletea fundi gari la chama, msianze kwa kumwuliza bei. Mwulizeni kwanza, “Hiki unachotaka kukiweka kinafanya kazi gani?” Akishindwa kuwajibu, lichukueni gari lenu muende kwingine.